Kuhifadhi kumbukumbu za baba au babu aliyepigana Kagera: mwongozo kamili kwa familia za Mwanza na kando ya ziwa

Aliyeingia Vita vya Kagera, ile vita yetu na Uganda ya Idi Amin ya 1978 na 1979, akiwa kijana wa miaka 20 leo anakaribia 70, na aliyekuwa na 30 anakaribia 80. Jenerali David Musuguri, aliyeiongoza Divisheni ya 20 hadi Kampala, alifariki Oktoba 2024 hapa hapa Mwanza, hospitali ya Bugando, na nchi nzima ikapata habari. Koplo wa Ngudu au mgambo wa Ukara hapati hayo. Anapata tangazo la kanisani au msikitini, na wasifu wa ukurasa mmoja ulioandikwa usiku wa kuamkia mazishi na mtu ambaye hata hakuwa amezaliwa vita inapiganwa. Wajukuu wakikua, wanachojua ni kwamba "guku (babu) alikuwa mwanajeshi". Wapi, lini, na nani, hakuna ajuaye.

Mwongozo huu ni kwa familia inayotaka kufanya zaidi ya hapo, awe mzee bado yupo au ameshatangulia. Nimeupanga kwa kigezo kimoja: kinachopotea haraka ndicho cha kuanza nacho. Kwanza watu, kisha karatasi, kisha picha, ndipo maandishi, na kaburi liwe mwisho. Familia nyingi huenda kinyume. Msiba ukiisha tu, michango inakwenda kwenye tarazo na fulana zenye sura ya marehemu kwa ajili ya arobaini. Sina ugomvi na tarazo. Ila saruji inaweza kusubiri hata miaka miwili, na bibi wa miaka 76 mwenye presha hawezi.

Watu kwanza, na mjane kabla ya wote

Kaa na ndugu zako muandike majina ya kila anayeweza kuwa na kipande cha habari. Wa kwanza ni mjane, au wajane kama mzee alikuwa na nyumba mbili. Wanafuata wadogo zake wa kiume na wa kike, jirani wa zamani, aliyekuwa balozi wa nyumba kumi, katekista au shehe aliyemfahamu, na wanajeshi wenzake. Usimwache shangazi hata kidogo. Dada wa askari mara nyingi ndiye aliyebaki na mama yao usiku redio inasoma habari za vita, na anakumbuka yale ambayo mzee hakumwambia mke wala watoto.

Wenzake wa jeshini utawapata wapi? Anzia kwenye daftari la rambirambi, maana wastaafu huzikana na mara nyingi huandika majina pamoja na cheo. Ulizia kwa viongozi wa chama cha wanajeshi wastaafu katika wilaya yako. Nenda pia kwenye maadhimisho ya Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, mahali yanapofanyika mwaka huo. Ukimpata mzee, usimvamie na maswali. Msalimie kwa heshima yake: "Shikamoo afande, mimi ni mtoto wa fulani, mliyekuwa naye Masaka." Ukishataja jina la baba na mahali, mazungumzo yatajifungua yenyewe.

Swali muhimu kuliko yote kwa mwanajeshi mwenzake ni hili: mkubwa wenu alikuwa nani? Namba za vikosi wazee wengi huzichanganya, ila kamanda hawamsahau. Akikwambia walikuwa chini ya Silas Mayunga, yule aliyeitwa Mti Mkavu, ujue habari zake utazitafuta upande wa Mbarara na magharibi ya Uganda. Akimtaja John Walden, Black Mamba, basi ni upande wa Masaka na barabara ya kwenda Kampala. Jina moja la kamanda linakupa nusu ya njia aliyopita baba yako.

Sasa kurekodi. Simu yako inatosha, huna haja ya kukodi mtu wa video; kamera kubwa na taa huwafanya wazee waanze kuhutubia. Nenda asubuhi kabla ya jua kali. Kama ni msimu wa mvua, usiketi chini ya bati, maana tone la kwanza tu litafunika sauti yote. Zima feni na redio ya jirani kama unaweza kumwomba. Iweke simu kwenye hali ya ndege isije ikaita, ilaze juu ya kanga iliyokunjwa ili isinase kila kikombe kinachogonga meza, kisha rekodi dakika moja na uisikilize kabla ya kuendelea. Mwanzoni kabisa taja tarehe, mahali, jina la anayezungumza na uhusiano wake na marehemu, na umuulize kwa sauti kama anakubali kurekodiwa. Saa moja inatosha kwa siku. Mzee akichoka, majibu yanakuwa "ndiyo, ilikuwa hivyo hivyo", na hayo hayana faida kwa mtu.

Usianze na vita. Anza na maisha, kisha uiache vita ije yenyewe. Haya ni maswali niliyoona yanafanya kazi kwa akina mama:

Siku anaondoka alibeba nini, na nani alimsindikiza mpaka wapi?
Shamba lake lililimwa na nani msimu ule?
Habari zake zilifikaje: kwa barua, kwa redio, au kwa mtu aliyerudi?
Kuna wakati mliambiwa amekufa?
Siku anarudi alifikia nyumba ya nani, na chakula cha kwanza alichokula kilikuwa nini?
Alirudi na tabia gani mpya?

Hilo la mwisho huwa na uzito. Liulize baada ya chai.

Usiwabane kina mama kwa tarehe. Nilimuuliza mama yangu baba aliondoka mwezi gani, akanijibu: "Mwezi siujui, mwanangu. Aliniachia pamba. Palizi ya kwanza nilipalilia peke yangu, na tumbo la Kulwa na Doto lilikuwa limeshaanza kuonekana." Mtu wa haraka angeandika "hakumbuki". Lakini pamba ya huku kwetu hupandwa kuanzia Novemba, na palizi hufuata wiki chache baadaye, kwa hiyo baba alikuwa ameshaondoka kabla ya Desemba kwisha. Na Kulwa na Doto wana vyeti vya ubatizo vyenye tarehe ya kuzaliwa. Ukiweka palizi upande mmoja na cheti cha parokia upande mwingine, mwezi unaonekana. Kwa hiyo kila unapozungumza na bibi au mama, uliza mvua, pamba, mpunga, mimba, harusi, njaa, sukari ya foleni. Hiyo ndiyo kalenda yao, na mara nyingi haidanganyi.

Weka kalenda ya vita ukutani

Kabla hujaenda kwa mzungumzaji wa pili, chukua manila uandike matukio makuu, ili kila utakachosikia ukipachike mahali pake. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lile ni lake, na tarehe 2 Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa, ile hotuba ya nia, sababu na uwezo. Tarehe 3 daraja la Kyaka likavunjwa. Kabla ya mwaka kwisha majeshi yetu yalikuwa yamelirudisha eneo la Kagera. Januari 1979 yakavuka na kuiteka Mutukula. Masaka iliangushwa tarehe 24 Februari. Lukaya ni tarehe 10 na 11 Machi, mahali ambapo wanajeshi wa Libya waliomsaidia Amin walikutana na wetu. Entebbe ni 7 Aprili, Kampala 11 Aprili, Jinja 22 Aprili. Mwanzoni mwa Juni wakafika mpaka wa Sudan, na vita ikaisha. Lakini si wote walirudi hapo hapo. Kuna waliobaki Uganda hadi 1981, kwa hiyo usishangae mama akikwambia baba alirudi "miaka miwili baadaye".

Kwa mtu wa Mwanza kuna tarehe moja zaidi ya kuandika kwa kalamu nyekundu: 29 Machi 1979. Siku hiyo ndege ya kivita ya Libya ilikuja kulipua mafuta ya mjini, ikakosa shabaha, na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala wa hifadhi. Mtu yeyote aliyekuwa mjini na amezidi miaka 55 leo, muulize alikuwa wapi siku ya bomu la Saanane. Hata kama hana habari za baba yako, atakupa picha ya mji aliouacha nyuma: taa zilizimwa vipi, watu walijificha wapi, nani alikimbilia Misungwi kwa miguu.

Ushuhuda ukigongana na kalenda, usimsahihishe mzee mbele ya watu, na usiufute. Andika alivyosema, kisha pembeni uweke maelezo yako kwa kalamu nyingine. Binamu atakayesoma baada ya miaka 30 anaweza kuwa na cheti ambacho wewe hukukiona.

Mtoto wa mgambo ana kazi ngumu kidogo, kwa sababu maelfu waliopigana walitoka kwenye mgambo wa vijiji, na kwa wengi karatasi hazikubaki. Hapo mashahidi wawili au watatu waliofunzwa naye na kuondoka naye wana thamani kuliko sanduku la nyaraka. Waandikie maelezo yao, wasomee, watie sahihi au dole gumba. Usione haya kuandika kwamba baba hakuwa na cheo. Kuna familia zimempandisha mzee wao hadi meja baada ya kifo, na siku mstaafu wa kweli anakuja msibani, watu wanatazama chini.

Na kama unayemkumbuka ni babu wa zamani zaidi, askari wa keya (KAR, jeshi la Mwingereza) wa miaka ya 1940, kalenda yako ni nyingine: Abisinia (Ethiopia) 1941, Madagaska 1942, Bama (Burma) 1944 na 1945. Walio hai ni wa kuhesabu. Tegemea zaidi watoto wake waliozeeka, barua, na sanduku lake.

Karatasi, nishani na magwanda

Mzee akishafariki, karatasi zake huanza safari ndani ya wiki ya kwanza. Mmoja anachukua kadi ya benki, mwingine anaondoka na kitabu cha pensheni, msimamizi wa mirathi anabeba bahasha nzima kwenda Mahakama ya Mwanzo. Wengi wao wana nia njema. Kwa hiyo kabla kitu hakijatoka nyumbani, mmoja wenu apige picha ya kila karatasi mbele na nyuma, kisha aorodheshe kwenye daftari: karatasi gani, imechukuliwa na nani, tarehe gani, na aliyechukua atie sahihi. Hili liingizwe kwenye muhtasari wa kikao cha ukoo, ule ule mtakaopeleka mahakamani pamoja na cheti cha kifo. Na hicho cheti kisicheleweshwe. Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30, na ukichelewa unaongeza safari na gharama.

Tafuta hasa cheti cha kustaafu au kuondoka jeshini, kitambulisho cha zamani, barua za kupandishwa cheo, vyeti vya kozi, nishani na karatasi iliyokuja nayo, barua alizoandika akiwa vitani, na kadi ya chama, kwa sababu nyuma ya kadi huwa kuna tarehe na tawi. Angalia ndani ya Biblia au Msahafu, chini ya godoro, kwenye mifuko ya makoti ambayo hayavaliwi. Wazee wa rika lile walitunza vitu vya maana ndani ya vitu vya maana.

Namba yake ya jeshi ndiyo ufunguo wa kila maombi utakayopeleka Makao Makuu ya Jeshi, yawe ya mafao au ya kuomba uthibitisho wa utumishi. Iandike mahali pawili. Lakini usiitundike kwenye makundi ya simu wala kuibandika mtandaoni pamoja na picha ya kitambulisho. Mtu akikupigia akisema kuna fidia ya wapiganaji wa Kagera na utume kwanza pesa ya fomu, kata simu, halafu uwatahadharishe wajane wengine wa mtaani, maana kwako atakuwa hajaanzia wala kuishia.

Kuhusu magwanda, hapa naomba nieleweke vizuri. Sare ya jeshi haikai nyumbani kama kumbukumbu, hata iwe imepauka na matundu. Sheria haimruhusu raia kuwa nayo, na Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku 7 kwa raia waliokuwa na sare au mavazi yanayofanana nazo wayasalimishe. Mkiikuta kwenye sanduku la mzee, msiivae kupigia picha na msimpe kijana wa kulima nayo. Ongea na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ipelekwe polisi au kambini, na mwombe iandikwe kwamba mmeikabidhi. Kama ni risasi, ganda la bomu au chochote chenye chuma msichokielewa, msikiguse kabisa, polisi ndio waje. Kumbukumbu ya sare mtabaki nayo kwenye picha yake ya studio.

Kutunza: sisi tunaoishi kando ya ziwa tuna maadui wawili, unyevu na mchwa, na mende ni wa tatu. Tranka la bati ni zuri, ila liwekwe juu ya mawe au matofali, mbali na ukuta wa nje, si chini ya dirisha. Karatasi zikae kwenye bahasha za karatasi au faili, zisifungwe kwenye nailoni, maana nailoni hufungia unyevu ndani na wino unavuja. Ondoa pini na vibanio vya chuma, vitapata kutu na kula karatasi. Usizibe mpasuko kwa selotepu. Na tafadhali, usipeleke cheti cha zamani kikafanyiwe lamineshi. Mashine ile ni ya moto, na kikishabanwa hakitoki tena. Kama wino umeanza kupauka, umeufungia humo na unyevu wake. Nishani ifute kwa kitambaa kikavu tu. Wanaoisugua kwa majivu wanafuta maandishi.

Picha

Picha ya mzee iliyoning'inia sebuleni mara nyingi imeshikana na kioo. Usiibandue. Ipige picha ikiwa ndani ya fremu yake, ukisimama kwa pembeni kidogo usijione kwenye kioo, karibu na dirisha asubuhi, bila flashi na bila jua la moja kwa moja. Picha zilizo huru zipeleke steshenari, mwambie mwenye mashine askani kwa dpi 600, si kwa kipimo anachotumia kila siku kwa vyeti vya shule, na ukae pale pale mpaka amalize. Picha pekee ya babu yako isilale kwenye duka la mtu.

Kisha andika nyuma ya kila picha kwa penseli laini, kwa mkono mwepesi, karibu na ukingo. Biro hupenya na kutokea usoni. Maelezo yawe hivi: "Kushoto baba, katikati mwenzake aliyeitwa Msafiri (jina kamili halijajulikana), kulia haijulikani. Studio ya Mwanza mjini, baada ya kurudi, 1980 au 1981. Kwa maelezo ya shangazi, Machi 2025." Unaona nilivyoacha "haijulikani" ikae wazi. Wajukuu watajua pa kutafuta.

Ukimtumia ndugu picha kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukituma kama picha ya kawaida inaminywa, na siku mnataka kuichapisha kubwa kwa ajili ya ibada, mnapata sura yenye ukungu. Familia nyingi hugundua hilo siku ya kuchapisha, na picha halisi iko kwa mtu aliyebadilisha simu.

Yale asiyosema

Kuna wazee wanaosimulia Kagera kila siku ya sikukuu, na kuna ambao hawakuitaja miaka 40. Wa pili ni wengi kuliko tunavyodhani. Ukiwa na baba wa aina hiyo na bado yupo, usimuulize kama aliua mtu. Ni swali la kitoto, na halina jibu ambalo unaweza kulibeba. Muulize viatu. Muulize walikula nini, walilala wapi mvua ikinyesha, nani alikuwa mchekeshaji wa kundi. Sehemu kubwa ya njia ile waliitembea kwa miguu, na mtu aliyetembea kutoka Mutukula hadi Kampala ana mengi ya kusema kuhusu malengelenge kabla hajafika kwenye risasi. Pengine ataishia hapo hapo kwenye malengelenge. Mshukuru, mnywe chai.

Mambo mengine utayasikia kwa mama: kwamba baba alikuwa anashtuka usiku akipiga kelele, kwamba alikunywa sana kwa miaka kadhaa, kwamba hakutaka fataki karibu naye wala mlango ubamizwe. Je, haya yaandikwe? Kwa maoni yangu, ndiyo, ila yasiwe ya kila mtu. Andika kwenye karatasi yake, muulize mama nani aruhusiwe kusoma na lini, weka kwenye bahasha yenye maelekezo hayo juu. Mjukuu wa kiume ambaye naye atakuja kuwa mkali bila sababu ana haki ya kujua babu alikuwaje na kwa nini. Lakini si siku ya arobaini mbele ya wakwe.

Vivyo hivyo na redio au baiskeli iliyorudi naye kutoka Uganda. Katika nyumba nyingi ipo, au ilikuwepo. Uliza ilipatikanaje, na jibu utakalopewa liandike kama lilivyo, hata likiwa "hatukuuliza". Usilitengenezee hadithi ya zawadi.

Kuandika

Ukishakuwa na rekodi na karatasi, usijaribu kuandika kitabu. Andika kurasa kumi hadi ishirini, kwa mafungu mafupi, na kila habari iwe na mwenyewe. Kanuni ninayoisisitiza ni kutenganisha sauti tatu: alichosema mwenyewe, kinachosemwa na karatasi, na kinachosemwa na ndugu. Mfano:

"Baba aliondoka nyumbani mwishoni mwa 1978, kabla palizi ya kwanza haijaanza (mama). Cheti chake kinaonyesha aliandikishwa miaka minne kabla. Mwenyewe alipenda kusema alifika Kampala 'mvua ikiwa inanyesha na watu wanaimba', lakini mwenzake anasema kikosi chao kilikuwa bado Entebbe siku ile, na Kampala waliingia baadaye."

Fungu hilo halimshushi mzee. Linamwamini msomaji. Na uipe vita nafasi yake tu: ilikuwa miezi minane katika maisha ya mtu aliyelima, aliyevua, aliyesomesha, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, aliyegombana na shemeji yake kuhusu mpaka wa shamba. Kama ameishi miaka 74 na kurasa zako zote ni za 1979, umeandika habari za jeshi. Weka jinsi alivyokaanga sato, wimbo alioupenda, jinsi alivyowaita wajukuu, tusi lake la kawaida. Kama alikuwa anazungumza Kisukuma, Kikerewe au Kijita nyumbani, acha maneno yake yakae katika lugha hiyo, uweke maana pembeni.

Wasifu wa kusomwa msibani ni kitu kingine, na wa haraka. Ukurasa mmoja, usiozidi dakika tano: kuzaliwa, wazazi, shule, jeshi kwa sentensi tatu, kazi, ndoa na watoto, ugonjwa, kifo. Usomwe kwa sauti na watu wawili kabla, na majina ya watoto wa nyumba zote yahakikiwe na wajane wenyewe. Jina la mtoto likirukwa pale, hilo ndilo litakalokumbukwa.

Kaburi, na safari ya Kaboya

Sasa tarazo. Kwenye ardhi ya kichanga karibu na ziwa acha udongo utulie, misimu miwili ya mvua ni sawa, la sivyo kaburi litapasuka. Maandishi yachongwe kwenye jiwe au kwenye saruji yenyewe. Kibao cha shaba au alumini kitaondoka na wauza chuma chakavu. Mwandikie fundi maneno kwenye karatasi kwa herufi kubwa, umtake akusomee. Cheo kiwe kile kilichoko kwenye cheti.

Kama familia ina uwezo, wapelekeni wajukuu kwenye makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilaya ya Muleba, walikozikwa wapiganaji wa vita ile. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kungoja kivuko kumekwisha, na gari linapita Geita na Chato hadi Biharamulo na Muleba. Wenye muda wapande MV Victoria, meli inagusa Kemondo kabla ya Bukoba, na safari ya usiku ziwani watoto hawaisahau. Ulizeni kwanza kwenye ofisi ya wilaya utaratibu wa kuingia, na msipige picha hovyo maeneo ya jeshi. Mkiwa huko endeleeni hadi Kyaka mkaone daraja na magofu ya kanisa lililopigwa mabomu. Mchukueni na mwenzake mmoja wa vitani kama afya inamruhusu. Mlipieni nauli, mpeni kiti cha mbele, na muwashe simu.

Kugawa nakala

Nishani ni moja na watoto ni wengi, hivyo amueni kwenye kikao cha ukoo inakaa kwa nani, na kama inazunguka, izunguke kila 25 Julai na iandikwe kwenye daftari. Nyumba ndogo isisahaulike katika mzunguko huo. Maandishi na sauti viwe na nakala tatu angalau: moja kwenye kompyuta au simu ya mtu wa mjini, moja kwenye flashi ndani ya tranka, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo nywila yake inajulikana na watu wawili. Flashi ifunguliwe kila mwaka kuona kama bado inasoma, maana huwa zinakufa kimya kimya. Kurasa zilizochapishwa zifungwe spairo, kila nyumba ipate yake, na ziachwe kurasa tupu nne au tano nyuma kwa ajili ya watakaokuja na habari mpya. Nakala moja mpelekee mzee yule aliyekuwa naye Masaka, na kalamu juu yake, asahihishe.